Nati Kumi na Tano za Lori la Mjomba Ausi

Siku mliyoniaga karakanani nilipostaafu mlinipa kiti cha kuegemea na saa ya ukutani, mkanisifu mpaka nikageuka nyuma kuangalia kama kuna marehemu anayesomewa wasifu. Kisha msemaji wenu akaniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukiongeza nguvu za injini enzi zile, wakati spea hazipatikani na mwenye gari hana kitu. Haya, naandika. Ila siwezi kuwaeleza kazi ile nikaacha kuwaeleza wivu. Nilijifunza vyote viwili katika banda moja, na sijui kipi nilikiweza zaidi.

Nilitoka kwetu Newala nikiwa sijaota ndevu, nikaletwa mjini na Ausi, kaka wa mama yangu. Baadhi yenu mtaona ni jambo dogo hilo, lakini kwetu sie baba unamheshimu, na mwenye wewe ni mjomba. Mjomba akikukubali umekuwa mtu. Asipokukubali, hata ukijenga nyumba ya bati utaonekana umepanga. Mjomba Ausi alinifikisha Temeke kwa Mzee Tindwa, akanisukuma mbele kwa bega, akasema, "Huyu mpwa wangu. Mfundishe mpaka aniendeshee mali yangu." Mali yenyewe, yaani lori, alikuwa hajainunua bado, lakini mjomba alikuwa mtu wa kuweka akiba, na sote tulijua iko siku.

Banda la Mzee Tindwa lilikuwa nguzo za minazi na bati kuukuu, katikati ya mashamba ya mihogo. Temeke yenyewe ilikuwa nyumba hapa na nyumba kule. Mzee alijifunza umakanika kwenye malori ya jeshi wakati wa vita vya Mjerumani, na alikuwa na tabia ya kusema kidogo na kutazama sana. Siku yangu ya kwanza alinipa debe la mafuta ya taa na karai la nati zenye masizi. "Osha," akasema. Nikaosha. Kesho yake akanipa karai lingine. Nikaosha nati mpaka ngozi ya vidole ikabambuka, na nikadhani ndiyo elimu yenyewe. Kumbe ndiyo ilikuwa! Siku ya arobaini hivi, Mzee alinifumba macho kwa kitambaa akanipa nati mkononi, na mie nikaweza kumwambia ipi ya wapi na ipi imeliwa uzi.

Sheria zake zilikuwa chache. Moja ilihusu chaki. Ukikaza nati ya mwisho mwisho, ile ambayo haitaguswa tena mpaka gari liondoke, unaitia alama ya chaki. Nati yenye chaki haiulizwi. Mtu mwingine akija, hata akiwa Mzee mwenyewe, anaiamini na kuendelea mbele. "Chaki ni kiapo," alikuwa akisema. "Atakayetia chaki mahali asipokaza, achukue sanduku lake, hata akiwa mwanangu wa kumzaa."

Sheria nyingine ilikuwa bisibisi. Alikuwa nayo moja ndefu ya mpini wa mti. Akitaka kujua ugonjwa wa injini inayonguruma, huweka ncha yake kwenye chuma na mpini sikioni, akafumba macho. Ile bisibisi haikuguswa na mtu. Nilikaa miaka mitatu nikiitamani. Wallahi kuna vijana wa rika langu waliokuwa wakitamani wasichana, mie nilitamani bisibisi.

Mwaka wa nne akaja Elia.

Alitoka Tukuyu, Mkristo, amesoma misheni, mpole, mwembamba, mwenye shati moja jeupe ambalo sijui alilifuaje likabaki jeupe ndani ya banda lile. Alijua Kiingereza cha kutosha kusoma kile kitabu cha injini ambacho Mzee alikuwa amekifunga kwenye kanga kama msahafu bila kuweza kukisoma. Mwezi wa pili tu, Mzee akamwita. "Elia, njoo usikilize hii." Akampa bisibisi. Nilikuwa chini ya gari nyuma ya miguu yao, na oili ikinidondokea usoni. Nikasikia Elia akisema kwa sauti yake ya upole, "Silinda ya tatu, Mzee. Vali haikai sawasawa." Wakafungua. Ilikuwa ya tatu.

Nilifurahi? Thubutu! Nilikaa chini ya lile gari mpaka Mzee akauliza kama nimelala. Siku ile niliuma meno mpaka taya ikauma, na nikaanza kuhesabu makosa ya Elia. Hakuwa na mengi, hilo nalo likaniudhi. Alikuwa akiniamkia kwa heshima kwa kuwa nimemtangulia banda, ananiita Kaka Chande, ananigawia ndizi zake. Hasidi hana sababu, wahenga walisema, na mie nilijitahidi kutafuta sababu nikashindwa, nikaendelea bila sababu.

Basi Mjomba Ausi akanunua lori lake. Lilikuwa la silinda nne, limechoka, limepita mikononi mwa Wagiriki wawili kabla yake. Alilitumia kupandisha mizigo na abiria kutoka mjini mpaka Chanika, na kurudi na mkaa. Shida ilikuwa kilima cha Pugu. Lori likifika nusu ya kilima linaanza kukohoa, abiria wanashuka, wanasukuma, kina mama wanatukana, na mjomba kwenye usukani anaomba radhi. Watu wakaliita Shuka Twende. Ndipo akatokea mtu mwingine na lori jipya la silinda sita, akaanza kumnyang'anya abiria. Tajiri mmoja aliyekuwa akijenga maduka Chanika akawaambia wote wawili, "Simenti zangu na bati zangu nitampa yule ambaye lori lake litapanda Pugu limejaa, bila mtu kushuka." Akamwekea mjomba siku ya kujaribiwa, Jumamosi ya pili mbele. Mjomba alikuwa ameweka kila alichonacho ndani ya lile lori. Akikosa kazi ile, basi tena.

Akalileta kwetu. Nilitoka nje nikifuta mikono, kifua mbele, maana huu ndio ulikuwa wakati wangu, mali ya mjomba imekuja kwa mpwa. Mzee Tindwa akalizunguka lori mara mbili, akasema, "Elia atalishika. Chande atamsaidia."

Alaa! Lori la mjomba wangu mie!

Sasa sikilizeni kazi, maana ndiyo mliyoiomba. Injini mpya hatukuwa na uwezo wa kuinunua, kwa hiyo Elia alisema tutatafuta nguvu ndani ya ile ile ya zamani. Chumba cha moto juu ya pistoni kikipunguzwa, petroli na hewa vinabanwa zaidi, na vikibanwa zaidi vinalipuka kwa hasira zaidi. Hesabu za nguvu za farasi zilikuwemo kitabuni. Temeke hatukuwa na farasi wa kumtazama, tulikuwa na punda, na Mzee alisema atatosheka na punda watano wa nyongeza.

Kupunguza chumba maana yake ni kupunguza kichwa cha injini, na mashine ya kuchonga chuma hatukuwa nayo. Elia akapata kipande cha kioo kinene cha dirisha la duka lililovunjika. Tukakilaza mezani, tukakipima na maji mpaka kikakaa sawa. Juu yake tukapaka ile dawa ya kusagia vali, tumeichanganya na oili, kisha kichwa kikalazwa kifudifudi na kusuguliwa kwa mkono, kwa mzunguko wa namba nane, usije ukala upande mmoja. Kila baada ya saa tunafuta, tunapaka kioo masizi ya taa, tunagusisha. Panapochukua weusi ndipo palipoinuka. Aliyesugua ni nani? Ni mie. Siku sita. Elia alikuwa akipima na kusoma, mie nasugua. Jioni mabega yalikataa kuinua tonge. Yeye kichwa, mie mkono, na kila aliyepita alisimama kumsifu kichwa.

Kujua tumefika wapi, tulitumia ugali. Msicheke. Unaweka kidonge cha ugali wa muhogo juu ya vali, unafunga kichwa, unazungusha injini kwa mkono, unafungua, unakata kile kidonge kwa wembe na kutazama unene uliobaki. Ukikuta ugali umekuwa karatasi, acha kusugua, vali itagonga. Hiyo ilikuwa akili yangu, nilimwambia mie. Naye Elia akaenda kumwambia Mzee, "Kaka Chande ndiye aliyegundua." Kweli alisema. Niliwaambia hakuwa na makosa mengi.

Tulilainisha njia za hewa kwa msasa uliofungwa kwenye kijiti, maana hewa inayojikwaa inafika imechoka. Tulitoa bomba la ekzosi lililobonyea, tukaweka la maji, pana zaidi, na sauti ikawa nene mpaka mbuzi wa jirani wakavunja kamba. Rejeta tuliisafisha kwa maji ya magadi. Tundu la petroli la kabureta, kile kijipande cha shaba chenye kitobo, lilitaka kupanuliwa unywele mmoja tu, na hakuna keekee nyembamba hivyo kwa fundi wa magari. Elia akalipeleka Kariakoo kwa sonara, yule wa kutoboa vipuli. Na breki zote Mzee akaamuru zifanywe upya. "Ukimwongezea farasi nguvu, mwongezee na hatamu," akasema.

Gasketi mpya ya kuzibia kichwa haikuwepo. Tulichukua ile ile ya shaba, tukaichoma kwenye mkaa mpaka ikawa nyekundu, tukaitumbukiza majini ikalainika. Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Gasketi ya namna hii ikipata moto wa kwanza inakaa chini, na ikikaa, nati zote za kichwa zinalegea. Kwa hiyo unawasha injini mpaka ichemke, unazima, unarudia nati zote ikiwa ya moto bado, kuanzia katikati kwenda nje. Zilikuwa kumi na tano. Ndipo unatia chaki. Usiporudia, gari litatembea vizuri tu kwenye tambarare. Litakusubiri kilimani.

Ijumaa, siku moja kabla ya Pugu, tuliwasha. Mzee alikuwa ametangulia msikitini. Elia alikuwa anamwahi sonara, ambaye alikuwa bado na tundu la pili, la akiba, akilitoboa. Akanipa spana. "Kaka Chande, nakuachia. Ikichemka, zima, rudia nati, tia chaki. Nikirudi nitakukuta umeshaswali."

Akaondoka. Injini ikawa inanguruma, na niseme ukweli, ilikuwa na sauti tamu. Mara akaingia Mjomba Ausi, kanzu yake nyeupe ya Ijumaa, akasimama akisikiliza. Uso wote ukamfunguka.

"Loh! Chande! Ndilo lori langu hili?"

"Ndilo, mjomba."

"Kijana yule wa bara ana mkono! Ana mkono, wallahi." Kisha akacheka, akanipiga begani. "Na mie nilikuleta mjini ujifunze, kumbe nilikuleta kusugua vioo! Haya, twende, adhana hiyo."

Alikuwa anatania. Mtu mzima anamtania mpwa wake, ana furaha, ameona riziki yake inarudi. Lakini mie neno lile lilinichoma mpaka kwenye ini. Nikamwambia atangulie, nafunga kazi. Akatoka hatua chache akanisubiri barabarani. Nikazima injini. Nikaweka spana kwenye nati ya kwanza, nikaisikia imelegea kama nilivyojua. Nikaitoa spana. Nikachukua chaki, nikatia alama zote kumi na tano, moja moja, vizuri kabisa, kisha nikanawa, nikamfuata mjomba, tukaenda kuswali bega kwa bega.

Msinifikirie kwamba nilitaka mtu afe. Nilitaka lori lichoke kidogo. Lipige chafya mbele za watu, watu wacheke, mjomba aseme, "Ningemwachia mpwa wangu." Basi. Niliomba na dua juu yake, astaghfirullah.

Elia aliporudi alikuta chaki, na nati yenye chaki haiulizwi. Akafunga lile tundu jipya kwenye kabureta, akajaribu lori mpaka Kiwalani na kurudi, kote tambarare, akarudi anatabasamu.

Jumamosi asubuhi tulipakia simenti, bati, na abiria juu yake, wengine wamekuja kwa kutaka kuona tu. Mjomba usukanini, Elia pembeni yake, mie nyuma juu ya magunia. Tajiri alikuwa mbele na gari lake dogo, na lori la silinda sita lilikuwa linasubiri chini ya kilima, dereva wake ameegemea anakula mua.

Lilipanda. Jamani, lilipanda! Pale tulipozoea kushuka tulipapita watu wakipiga vigelegele. Kina mama wale wale wa matusi wakaanza kuimba jina la mjomba. Na mie, juu ya magunia, nikajikuta napiga makofi na wao, nimesahau nilichokifanya, na nilipokumbuka nikaanza kuomba dua ya pili, ya kutangua ile ya kwanza. Hata ningepiga kelele asimame, ningesema nini?

Kwenye kona ya juu, karibu kabisa na kilele, nikasikia mlio kama wa mtu anayepasua kanga. Mvuke ukatoka pembeni ya injini, maji ya moto yakarukia kioo, na nguvu zote zikakatika. Lori likasimama. Kisha likaanza kurudi nyuma. Breki zilishika, zikaachia, zikashika. Watu wakaruka. Mjomba akakata usukani akaliingiza mtaroni ubavu, ekseli ikavunjika, magunia ya simenti yakapasuka yakatufunika wote weupe. Hakufa mtu, Mungu mkubwa. Mama mmoja aliteguka kifundo cha mguu. Mjomba alishuka, akakaa kwenye ukingo wa barabara, simenti kichwani, akitazama lile lori la silinda sita likija kuchukua mzigo uliobaki. Dereva wake alikuwa bado na mua mkononi.

Lori lilivutwa mpaka bandani. Mzee Tindwa akafungua boneti, sote tumesimama. Alitazama zile alama za chaki. Akaigusa nati kwa vidole viwili. Ikazunguka. Akagusa ya pili, ikazunguka.

"Nani aliyetia chaki hapa?"

Mjomba Ausi akaruka kabla sijafungua mdomo. "Si mpwa wangu! Mpwa wangu Ijumaa tulikuwa naye msikitini, tumetoka wote hapa. Nati hizi hakuzigusa!"

Elia akanitazama. Hakunikazia macho, hakukunja uso. Alinitazama tu, kisha akamtazama mjomba alivyonishika bega, kisha akasema, "Lori lilikuwa mikononi mwangu, Mzee. Kosa ni langu."

"Ni wewe uliyetia chaki bila kukaza?"

"Kosa ni langu."

Mzee akafunga boneti. Nadhani alitaka kumsamehe, lakini sheria alikuwa ameitunga mwenyewe. "Chukua sanduku lako," akasema. Elia akachukua sanduku. Mkewe alikuwa mjamzito, amekuja kutoka Tukuyu mwezi mmoja tu nyuma. Mie nilikuwa nimesimama pale pale, bega langu mkononi mwa mjomba.

Wiki iliyofuata Mzee alinipa bisibisi. Niliiweka sikioni, nikasikia injini yote kama niko ndani yake, na sikufurahi hata kidogo.

Yaliyofuata mnayajua kwa sehemu. Mzee alipofariki banda likabaki kwangu, likakua, likawa karakana mnayoijua. Mjomba aliuza lori kwa vipande, akahamia Chanika kulima mihogo, na hakushika tena usukani. Jina la Elia alilitangaza. Kwenye harusi, kwenye matanga, kila Idi tukikaa mkekani: "Kijana mmoja wa bara aliniua mchana kweupe. Laiti ningemwachia mpwa wangu!" Wenye magari wote wa Temeke wakamsikia. Elia akahamia Kinondoni, akatengeneza baiskeli miaka mingi. Na mnajua, hata huko nilimwonea wivu? Mteja akinijia akasema, "Kuna fundi baiskeli Kinondoni, ana mkono," nilikosa usingizi. Nilikuwa na sifa zote za mjomba, nikajua kila moja nimeiiba, na bado nilimwonea wivu mtu wa baiskeli. Wema nao alinizidi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko bisibisi.

Baada ya maneno yenu matamu ya kuniaga sikuweza kukaa kwenye kile kiti. Nilikwenda Kinondoni. Nikamkuta Elia barazani, mvi tupu, shati bado jeupe. Sikunywa maji. Nikasema yote kwa mkupuo mmoja.

"Nilijua," akasema. "Spana nilikuachia wewe, na chaki zako zinalala kushoto. Mimi si wa mkono wa kushoto."

"Mbona hukusema?"

"Mjomba wako alikuwa amekushika bega. Alikuwa ameshapoteza lori. Nikaona nikisema, atapoteza na mtu."

Mkewe, Mama Tumaini, alikuwa mlangoni amesikia kila kitu. Yeye hakuwa mpole. "Nilimzaa Tumaini tunakula mihogo ya kupewa na majirani," aliniambia. "Miaka arobaini nasikia mume wangu anaitwa mwuaji wa magari. Leo ndiyo unakuja, umeshastaafu, umeshapewa na saa!" Habari za saa sijui alizipata wapi.

Nikamwomba Elia radhi. Akatikisa kichwa. "Mjomba yuko hai?"

"Yuko. Haoni, ana mtoto wa jicho macho yote mawili."

"Anajua?"

"Hajui."

"Basi umekosea nyumba, Chande."

Nikaazima gari la karakana, mtanisamehe sikuwaambia la nini, nikaenda Chanika. Mjomba alikuwa anakunywa chai. Nikamwambia. Alimaliza chai yake yote, taratibu, akaweka kikombe chini kwa kupapasa. Nilidhani atanipiga bakora, na ningefurahi.

"Nipeleke kwake," akasema.

Elia alipomwona mzee anashuka garini alitoka mbio. "Shikamoo, mzee."

"Usiniamkie," mjomba akasema. "Nimekutukana mbele ya watu nisioweza hata kuwahesabu, na wengine wameshazikwa, siwezi kuwafuata kuwaambia. Nisamehe, baba." Akanyoosha mikono hewani akimtafuta. Elia akaishika yote miwili. Wakakaa. Mama Tumaini alilia, kisha akaenda kuwapikia wali. Mie nilibaki kwenye kizingiti, hakuna aliyenikaribisha ndani, wala hakuna aliyenifukuza.

Mjomba akauliza jambo ambalo naamini alilibeba muda wote ule. "Niambie kweli, fundi. Lori langu lingepanda?"

"Lingepanda, mzee. Zilibaki hatua mia."

Mjomba akafunika uso kwa viganja. Alipoufunua akaanza kuuliza: lile tundu la sonara lilikuwa la namna gani, ile sauti nene ilitoka wapi, na wale punda watano walipatikana kweli au Mzee Tindwa alitania? Elia akamweleza kila kitu, hatua kwa hatua, hata ugali. "Ugali ilikuwa akili ya Chande," akasema. Mjomba hakugeuza kichwa.

Jua lilipopungua nilisogea kumshika mkono mjomba, kama ninavyomshika siku zote tangu macho yalipomwacha. Akautoa mkono wake kwangu, si kwa hasira, kama mtu anayeondoa kitu kwenye njia. "Wewe tangulia kawashe," akasema. "Elia atanileta."

Wakaja nyuma yangu polepole, mzee ameegemea bega la Elia, wanazungumza habari za kabureta, mjomba anacheka. Nikawafungulia mlango wa gari. Wivu ulinishika pale barabarani, mzima mzima, kama siku ya kwanza.